Mpangaji Aliyepaka kwa Nukta

Shangazi Mwanahawa tulimzika mvua ikinyesha, na siku ya hitma jua likatoka utadhani lilikuwa linangoja tumalize. Nilikuwa uani na wanawake wenzangu tukisugua masufuria ya pilau kwa majivu, mjukuu wake mmoja aliyekulia Tanga akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Eti ni kweli Bibi aliwahi kwenda kumvamia Mzungu kwa sababu ya picha?" Wanawake wa rika langu wakaangua kicheko, kisha wakakumbuka tupo msibani, wakaziba midomo kwa pindo za khanga, na kicheko kikazidi kwa kule kuzuiwa. Mimi nami nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka yakakataa kukatika. Nikaondoka nikakaa peke yangu nyuma ya banda la kuni. Marehemu alikuwa shangazi wa mume wangu Shabani, tena ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga, na picha iliyokuwa ikiulizwa ilikuwa picha yangu mimi. Yule binti amesimuliwa kile kipande cha kuchekesha tu. Habari nzima tunaijua wawili tuliobaki, mimi na Shabani, na Shabani akisimulia jambo hulimaliza kwa sentensi mbili. Basi nimekaa niandike mimi.

Mwaka wa picha hiyo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeposwa, na harusi ilikuwa inangoja mavuno ya mahindi yapite. Mama na mimi tulikaa kwenye nyumba ya mawe kando ya barabara ya kwenda Irente, nyumba yenye kibaraza kirefu mbele, ua katikati, na jiko la udongo upande wa pili wa ua. Vyumba viwili vya mbele mama alivipangisha. Walishapita humo walimu, karani wa mahakama, na bwana shamba mmoja aliyekuwa akikoroma mpaka kuku wanaamka. Kisha akaja Mfaransa. Alikuja wakati wa baridi, ukungu umelala bondeni, akapanda kibarazani na sanduku la mbao begani, mzee wa miaka sabini hivi, mrefu, amekonda, ndevu nyeupe zimekatwa fupi. Alipomwona mama alivua kofia, akainama, akasema, "Shikamoo, mama." Mama, aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka ishirini, alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Hapana, baba! Wewe ndiye wa kuamkiwa. Shikamoo." Mzee akafikiri kidogo. "Marahaba. Lakini mimi hapana jua umri ya watu," akasema. "Bora naamkia wote." Mama akampa chumba palepale.

Jina lake lilikuwa Anselme, nasi tukalifanya Anselmi. Alisema atakaa wiki mbili. Dada yake alikuwa mtawa, Sista Klara, aliyeendesha zahanati ya misheni huko Gare kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akazikwa hukohuko, na kaka mtu alikuwa amekuja kuliona kaburi. Alikwenda, akaliona, akarudi. Kesho yake akafungua lile sanduku lake la mbao, na zile wiki mbili zikawa mwaka mzima.

Nikifumba macho sasa hivi naweza kuingia katika chumba chake. Kilikuwa chembamba kama ghala, dirisha moja likitazama bonde, kitanda cha kamba ukutani, meza ya mama yenye mguu mmoja mfupi, na mbele ya dirisha miti yake mitatu ya kuegemezea picha. Harufu ya mafuta ya rangi ilishinda hata moshi wa jikoni. Rangi alizikamua kutoka kwenye vibomba vidogo kama vya dawa ya meno, akazipanga kwenye ubao, kila moja mahali pake, wala hakuzichanganya. Alichovya ncha ya brashi, akagusa mara moja kitambaa cha kuchorea kilichowambwa kwenye mbao, akaacha nukta ndogo kama mbegu ya mchicha, halafu akarudi kinyumenyume, akapita mlangoni, akatoka mpaka katikati ya ua, akakodoa macho, akarudi ndani, akaweka nukta nyingine. Nilimsikia jirani yetu akimnong'oneza mama, "Huyu mpangaji wako anapaka huku anakimbia. Kwani ameona nyoka?" Mama akamjibu, "Mwache. Huyu angalau hakoromi." Watoto wa njiani wakamwita Mzee Nukta, na jina likashika.

Chakula alikula na sisi, kwenye mkeka uani jua likiwepo, na jikoni mvua ikinyesha. Alipenda makande kuliko mimi niliyezaliwa nayo. Mboga ya mchunga aliitafuna kwa subira, akasema ina uchungu wa kahawa ya nyumbani kwao. Siku moja alitembea mpaka shamba la Irente akarudi na kipande cha jibini kimefungwa kwenye karatasi, akamkatia mama kwa heshima kubwa, akasimama kungoja. Mama alikinusa, akakirudisha sahanini taratibu. "Baba," akasema, "maziwa haya yamekufa zamani." Anselmi alicheka mpaka akashika ukuta, na kuanzia siku hiyo, kila alipokula jibini lake kibarazani peke yake, alituambia anakwenda mazishini.

Habari ya nukta niliiuliza mimi. Alikuwa anapaka shamba la kabichi la ng'ambo ya bonde, na kwenye ubao wake sikuona kijani hata kidogo. Palikuwa na njano na buluu tu, kila moja kivyake. Nikamwambia, "Mzee, ungezichanganya hizo mbili ukapata kijani, ungemaliza leo." Alifurahi utadhani nimemletea zawadi. "Ndiyo! Mimi nachanganya, rangi inakufa kidogo. Wewe unachanganya, rangi iko hai." Nikamuuliza, mimi nachanganya na nini? Akagusa kope ya jicho lake, kisha akaniashiria nirudi nyuma. Nikarudi, nikarudi, mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jiko, na kule ndani ya chumba, kwenye kile kitambaa, punje za njano na za buluu zikashikana. Zikawa kabichi. Kabichi zenye umande, za kijani ambacho hukioni hata kwenye kabichi zenyewe. Nilipiga kelele, mama akatoka mbio na mwiko mkononi akidhani nimeungua. Nimefundisha darasa la tatu kwa miaka mingi, nimewaona watoto wengi wakielewa jambo kwa mara ya kwanza, na kila mara lilinirudia lile joto la ukuta wa jiko mgongoni.

Maisha yake niliyasikia kwa kuibia. Alasiri moja ya mvua alikuja kuota moto jikoni na mama, nami nilikuwa ghalani, chumba kilichopakana na jiko, napiga pasi, na ukuta ule wa fito na udongo haukuweza kuzuia neno. Alizaliwa mji wa bandari kaskazini mwa nchi yao, mji wa mvua, baba yake akipaka meli rangi. Akiwa kijana wa shule walipelekwa kutazama picha kwenye jumba la makumbusho, akakutana na picha iliyopakwa kwa nukta tupu, kazi ya mtu aliyekwisha kufa zamani, akasimama mbele yake mpaka mlinzi akaja kumwambia wanafunga. Tangu hapo hakutaka namna nyingine. Chuoni walimu walimwambia njia hiyo imekwisha, iliishi na wenyewe na ikafa nao, apake kama vijana wenzake. Hakuwasikiliza. Akafundisha watoto kuchora mpaka akastaafu, na jioni na siku za mapumziko akawa anaweka nukta zake. Picha moja ilimla nusu mwaka, nyingine mwaka, na walionunua walikuwa wachache. "Na mke?" mama akauliza, maana mama hakuwa mtu wa kuzunguka. "Hakuna," akasema. "Nani anakaa na mtu ya nukta?" Nikaweka pasi pembeni nisikie. "Dada alikaa," akasema.

Dada yake ndiye mtu wa kwanza aliyempaka, na ndiye wa mwisho. Alimpaka akishona dirishani, wote wawili vijana, na nukta zikaenda polepole kama kawaida yake, na kabla hazijafika usoni dada akaingia utawa, akaletwa Afrika. Picha ikabaki msichana asiye na uso. Kuanzia siku hiyo Anselmi alipaka mito, kuta, miti na madaraja. Mtu hakupaka tena. Alikuwa akijiambia atampaka Klara akija likizo, na Klara alikuja mara moja, siku chache, akaondoka. Nilimsikia mama akichochea kuni. Halafu akasema, "Pole, baba," kwa sauti ambayo mimi nilikuwa naipata nikiugua tu.

Wiki chache baadaye nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, khanga kichwani, namenya maharage mabichi, mawazo yangu yako kwenye harusi. Nikahisi nimetazamwa. Anselmi alikuwa amesimama uani, kofia mkononi. "Zaina," akasema, "hapana inuka. Tafadhali." Kisha akamwendea mama kuomba ruhusa, na mama akampa masharti papo hapo: mlango wazi, dirisha wazi, khanga isishuke kichwani, na yeye mwenyewe mama awepo kila wakati. "Tena asikae bure," akamalizia. "Amenye maharage kwelikweli. Kama ni kukaa, akae kwa faida." Ndivyo tulivyofanya. Nilikaa kwenye kigoda karibu na dirisha la Anselmi, beseni mapajani, mama kitandani akisuka ukili, na mzee akipaka, akitoka, akiingia. Miezi ile tulikula maharage asubuhi na jioni, tukawagawia na majirani.

Siku za kwanza niliionea haya mikono yangu, jinsi ilivyokuwa na mipasuko ya jembe. Nilipoinuka kunyoosha mgongo nilichungulia kuiona ilivyotoka. Sikuona mkono. Niliona rangi ya chungwa, zambarau, nyekundu iliyoiva, buluu kidogo kwenye kingo. "Nyeusi iko wapi?" nikauliza, maana rangi yangu naijua. "Mimi hapana nunua nyeusi," akasema. "Bado sijaona. Wewe angalia vizuri mkono." Nikauinua mkono kwenye mwanga wa dirisha, nikaugeuza polepole, na kweli, pale kwenye kiungo cha kidole, palikuwa na zambarau kama ganda la bilinganya, na juu yake mng'ao wa chungwa. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimefua na kulima kwa mkono ule, sikuwa nimeuona. Siku hiyo nilikwenda bombani kuchota maji nikitembea kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Maneno hayakukaa kwetu. Siku moja sokoni Lushoto, nyuma ya marundo ya karoti, nilisikia wanawake wawili ambao hawakuniona. "Yule binti wa barabara ya Irente anachorwa na Mzungu. Anavua, anakaa, anachorwa." "Na mama yake?" "Mama yake ndiye anayefunga mlango." Nilirudi nyumbani bila vitunguu nilivyotumwa.

Shabani alikuja kesho yake. Alikuwa akiendesha lori la mbao kutoka Shume, na nguo zake zilinukia utomvu wa misonobari. Alikaa kibarazani, akatazama viatu vyake, kisha akauliza, "Unachorwa?"

"Nachorwa."

"Ukichorwa unafanya nini?"

"Namenya maharage."

Alilitazama rundo la maganda pembeni mwa kibaraza. "Yote yale?"

"Yote."

Akacheka, kisha akaacha. "Mimi nimekwisha kuelewa. Bado Shangazi. Amesema Alhamisi anakuja kuona mwenyewe, na akikuta sura ya mtu imechorwa humu, basi posa imevunjika."

"Na wewe utafanyaje?"

"Yule ndiye aliyenilea, Zaina." Nilimpenda na kumkasirikia kwa wakati mmoja, na mpaka leo huwa nafanya hivyo mara mojamoja.

Mama alitaka picha ifungwe kwenye shuka na kusukumwa uvunguni. Anselmi alipoelezwa alichukua tambara, akalilowesha mafuta. "Mimi nafuta," akasema. "Picha ni kitambaa tu. Harusi ni maisha." Nukta zilikuwa zimekwisha kufika usoni, kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amepaka uso wa mtu. Sijui niliupata wapi ujasiri. Sikuwa nimewahi kuamua jambo lolote kubwa nyumbani kwetu, hata rangi ya gauni la harusi alikuwa ameichagua mama. "Usifute," nikasema. Nikamgeukia mama. "Sijafanya jambo la kufichwa. Tukiificha, tutakuwa tumekubali yale ya sokoni. Aje aione."

"Na akiivunja posa?"

"Akiivunja, aivunje kwa alichokiona, si kwa alichosikia."

Mama akalichukua lile tambara mkononi mwa Anselmi, akaenda kuwashia moto.

Alhamisi ukungu ulikuwa mzito hata mti wa plamsi uani hauonekani. Shangazi Mwanahawa alitokea ndani ya ukungu huo kwa miguu, mwanamke mfupi, mnene, amejifunga khanga mbili na sweta la kiume juu. "Onga makeo," alimwamkia mama kwa Kishambaa, lakini kwa sauti baridi. Nikapiga goti. "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba. Picha iko wapi?" Chai alikataa. Mama akatangulia, sisi tukafuata, tukajipanga kwenye kile chumba chembamba, kitanda upande huu, meza upande ule, watu wanne, na mbele yetu kile kitambaa kikubwa, na kwa tulivyobanana huwezi kurudi nyuma hata hatua moja ukakitazama. Shangazi alisimama karibu nacho kiasi cha kukigusa kwa pua.

"Iko wapi?"

"Ndiyo hii, Shangazi."

"Hii?" Akasogea zaidi. Akatazama juu, akatazama chini. "Hizi ni punje. Ni mtama umemwagika." Akainua pembe ya kitambaa, akachungulia nyuma. Akainama akachungulia uvunguni. Anselmi alikuwa amebanwa kwenye kona kama mwanafunzi aliyechelewa. Mama alifungua mdomo aeleze, akaufunga. Shangazi alishusha pumzi ndefu. "Watu wa sokoni hawana kazi!" akasema. "Sura iko wapi hapa? Nimeacha viazi vyangu shambani kwa ajili ya punje!" Akacheka, mama akacheka zaidi ya ilivyohitajika, na sasa chai ikatakiwa, na chakula pia.

Tulikula uani. Ukungu ulianza kupanda, jua likashuka juu ya mkeka, likaingia kwa mlango wa chumba tuliouacha wazi. Shangazi alikuwa amekaa kuuelekea. Alikuwa anasimulia habari za viazi, tonge mkononi, mara akanyamaza. Tonge likasimama njiani. Niligeuka, nami nikaona anachokiona: kule ndani, karibu na dirisha, msichana amekaa anamenya maharage, kichwa ameinamisha, mwanga umemwangukia shavuni, vidole vinaelekea kusogea. Shangazi alinyanyuka, tonge bado mkononi, akaenda mpaka mlangoni. Pale msichana akatawanyika akawa punje. Akarudi kinyumenyume, akakusanyika. Akaenda tena, akarudi tena, hatua zilezile za Anselmi, na mama akauma pindo la khanga asicheke.

"Zaina," Shangazi akasema mwishowe. "Huyu ni wewe."

"Ni mimi, Shangazi."

"Umefunika kichwa."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na unafanya kazi. Hujamtazama mtu." Akamgeukia Anselmi, na sauti ikawa kali. "Wewe baba, una nini na mtoto wa watu?"

Anselmi alisimama. Kiswahili chake, ambacho hata siku njema kilikuwa kinachechemea, kikampotea. "Dada yangu," akasema. "Klara. Kwa picha yake hapana uso. Mimi nilichelewa. Zaina anakaa kama dada, mimi nafanya uso. Basi."

"Klara? Klara wa zahanati ya Gare? Yule mfupi, mkali?"

"Mkali?" Anselmi akauliza, kama asiyelijua neno.

"Mkali! Shabani alipopata surua nilichelewa kumpeleka, nikajaribu kwanza dawa za nyumbani. Alinisema kwa Kishambaa mbele ya watu wote wa foleni, Kishambaa kilichonyooka kuliko changu, mpaka nikalia. Halafu akamchukua mtoto mikononi mwangu, hakumweka chini mpaka homa ilipokatika."

Anselmi alikuwa anamtazama mdomo. "Klara hapana sema," akasema polepole. "Nyumbani, kidogo tu. Mtu anakuja, yeye anajificha nyuma ya mlango."

"Basi maneno yake yote aliyaleta kwetu," Shangazi akasema.

Mzee alikaa chini kwenye mkeka. Alikuwa anacheka, na huku anafuta macho kwa kofia, na Shangazi akaketi palepale alipokuwa, akamaliza tonge lake, akanawa, na ndipo akatoa hukumu. Posa ipo. Lakini picha isiuzwe, maana mtoto wao si wa kuning'inizwa na mtu wasiyemjua. Anselmi akaweka mkono kifuani. "Hapana uzwa. Kamwe."

Baada ya hapo Shangazi alikuja mara nyingi, akiwa na viazi na habari za Sista Klara: jinsi alivyomfukuza zahanatini mume mlevi kwa fagio, jinsi alivyokuwa akilala na viatu ili akiitwa asichelewe, wimbo wa Kishambaa aliokuwa akiwaimbia wanawake wenye uchungu wa uzazi, na alivyouimba vibaya. Anselmi alipaka huku anasikiliza, na kila baada ya kisa alirudi uani kuitazama picha, kisha akaingia kurekebisha kitu usoni. Sikuwa tena nahitajika kukaa, lakini nilikaa. Mara moja alimwomba Shangazi naye ampake. "Mimi nina roho moja," Shangazi akamjibu, "usije ukanigawa punje." Nilikuwa namwogopa mwanamke yule kuliko mtu yeyote duniani, na mwaka haujaisha nilikuwa nakwenda kwake bila kuitwa. Sasa nami ni mama mkwe wa watu, na ninapomwona binti wa kisasa ananichunga kwa jicho la woga, humpikia kwanza, halafu ndiyo naongea.

Harusi ilifanyika mahindi yakiwa yameanikwa. Anselmi alikaa upande wa wanaume na koti lake la sufu, akala pilau kwa mkono bila kudondosha. Picha aliondoka nayo. Miaka iliyofuata watawa wa Gare walitupa habari kwamba aliitundika chumbani kwake, kando ya ile ya msichana anayeshona, na kwamba alifariki akiwa usingizini, hakuugua sana. Picha iko wapi leo sijui. Watoto wangu huniuliza kama sitaki kuitafuta. Nilishaiona ikipakwa, nukta kwa nukta, na hiyo inanitosha.

Kabla hajaondoka aliomba twende naye Gare. Shabani alituchukua kwa lori, Shangazi akakaa mbele kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia akae nyuma. Makaburi ya watawa yako kwenye mteremko chini ya mikaratusi, misalaba midogo imepangwa safu. Anselmi alisimama mbele ya kaburi la dada yake, mikono nyuma, kama alivyosimama, nadhani, siku ile ya kwanza alipokuja peke yake. Shangazi alingoja kidogo. Kisha akamsogeza pembeni kwa kiwiko, akachuchumaa, akang'oa magugu mawili matatu, akaanza kusema na kaburi kwa Kishambaa, kwa sauti kubwa, kama unavyosema na mtu aliye chumba cha pili.

"Anasema nini?" Anselmi akaniuliza.

Nikamtafsiria. Anamwambia: kaka yako alikuja. Amekaa kwetu mwaka mzima. Alikula vizuri, hakuugua, na tumemfundisha adabu. Sasa tunamrudisha nyumbani salama, wala usimseme kwa kuchelewa.

Upepo ulipita juu ya mikaratusi, na chini barabarani Shabani alikuwa anagonga tairi la lori kwa fimbo kuona kama lina upepo wa kutosha. "Mwambie arudie," Anselmi akasema. "Polepole."

Shangazi akarudia, neno kwa neno, na safari hii Anselmi hakuniomba nimtafsirie.